Sukari Tuliyofichana

Ninaandika haya mwanangu Sakina akiwa amelala, na kwa kuwa usingizi wake huja vipande vipande, nisamehewe nami nikiandika vivyo hivyo. Sina nguvu za kupamba maneno. Niliyopitia ni sukari ya mimba. Mimi si daktari, kwa hivyo anayetaka kuelezwa kongosho hufanya kazi gani atafute kwingine. Ninachoweza kumweleza ni ugumu wa viti vya kungojea, na namna ncha za vidole zinavyokufa ganzi kwa kudungwa, na namna mtu anavyoweza kulichukia tonge la wali ambalo bado hajalila. Kama wewe ni binti wa Kihindi wa kwetu pwani, au una mke au dada aliye hivyo, nakuomba usome mpaka mwisho.

Jina langu ni Farzana, mzaliwa wa Mombasa, mtaa wa Makadara. Babu wa babangu alitoka Kachi, kule India, na tangu hapo hakuna hata mmoja wetu aliyerudi kutembea. Nyumbani tulichanganya Kikachi na Kiswahili, lakini nikigombana nagombana kwa Kiswahili. Pamoja na hayo, maisha yangu yote nimeulizwa swali moja: kwenu wapi hasa? Shuleni, sokoni, kwenye ofisi za pasipoti. Nilikuwa na jibu moja, Kenya, na nikilitoa kwa ukali kidogo.

Mume wangu Imran ni fundi wa viyoyozi vya majengo makubwa. Mkataba ulimleta Riyadh, nami nikamfuata, tukapanga nyumba ndogo Murabba. Mamake, Bi Zulekha, anaishi Jeddah na shemeji yangu mkubwa, ambaye ana duka la vitambaa Balad, mji wa kale wa huko. Tulikaa kwenye ndoa miaka minane bila mtoto. Sitasimulia madaktari, dua na maneno ya watu katika miaka hiyo, maana anayeyajua anayajua. Nasema tu kwamba mimba ilipoingia, sikuwa nangoja mtoto wa kwanza. Nilikuwa nangoja mtoto, basi, wa kwanza na pengine wa mwisho.

Siku ya kwanza kliniki baridi ilikuwa imeanza, ile baridi ya Riyadh ambayo sisi wa pwani hatuiamini mpaka itukute. Sehemu ya wanawake ilijaa. Wengi walikuwa Wapakistani, Wahindi na Wabangladeshi, wake wa wafanyakazi kama mimi. Nikaitwa kupimwa presha. Nesi alikuwa mwanamke mnene mwenye uso wa ucheshi, na kwenye koti lake kulikuwa na kibendera kidogo cha Kenya.

"Pole na kazi, sista," nikamwambia.

Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu, kama aliyesema ni mtu mwingine.

"Hiyo Kiswahili umetoa wapi?"

"Nyumbani. Mombasa."

"Aki usinichezee. Mombasa wapi?"

"Makadara."

Akacheka, akanikumbatia pale pale na kamba za mashine zikiwa mkononi. Jina lake Nekesa, mtu wa Bungoma, na alikuwa hajazungumza Kiswahili na mgonjwa muda mrefu. Alichukua ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, akasoma uraia kwa sauti, akaijaza ile karatasi yake huku akiniuliza maswali. Kama nilishapoteza mimba. Kama navuta sigara, hapo tukacheka tena.

"Na kwenu kuna mtu ako na sukari?"

"Hapana. Mamangu ana presha tu."

Ndivyo nilivyojua, na nilisema nilichokijua.

Waliokuwa mbele yangu, Wapakistani wawili, walikuwa wamepewa maagizo ya kurudi kesho asubuhi na njaa, wakanywe yale maji matamu ya kupimia. Nikamwuliza Nekesa kama nami nije na njaa.

"Wewe? Hapana. Hao wa Asia ndio tunapima mapema. Damu yao inashika sukari haraka, hata wakiwa wembamba. Wewe utapimwa ukifika miezi sita kama watu wengine." Akanipiga begani. "Wewe ni wetu."

Nataka mnielewe hapa, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Katika miaka yangu yote hakuna Mkenya mwenzangu mweusi aliyewahi kuniambia maneno hayo bila mimi kuyadai. Nilitoka pale nimejaa furaha. Imran aliponiuliza daktari amesema nini, nilimsimulia Nekesa kwanza, daktari baadaye.

Ramadhani ilipokuja daktari aliniruhusu kufunga siku nitakazojisikia vizuri. Nilishikwa na kiu ambayo sijapata kuiona. Lakini nani hana kiu Ramadhani? Nilifuturu kwa tende, juisi, sambusa, kaimati, nikanywa maji mpaka tumbo likauma, na bado ulimi ulikuwa mkavu. Nilikwenda chooni usiku kucha. Imran alisema ni mtoto anabana kibofu. Mamangu kwenye simu alisema nipunguze tende, na sikumwuliza kwa nini.

Maji matamu niliyanywa msimu wa vumbi. Asubuhi ile anga lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa, na kwenye dirisha la chumba cha kungojea hukuona jengo la pili. Unakunywa chupa nzima ukiwa na njaa, unatolewa damu, unakaa, unatolewa tena, unakaa. Huruhusiwi kutembea wala kutapika. Nilikaa nimeshika mdomo kwa mtandio. Matokeo yalipotoka, daktari, mwanamke wa Kisudani mwenye sauti ya chini, aliyasoma mara mbili. Kisha akanipima kwa picha. Tumbo la mtoto lilikuwa limezidi umri wake na maji yalikuwa mengi kupita kiasi.

"Sukari hii haikuanza jana," akasema. Nekesa alikuwa amesimama kando akinitafsiria. "Wazazi wa wazazi wako wametoka wapi?"

"Kachi," nikasema. "India."

Nekesa hakuitafsiri hiyo, wala haikuhitaji. Daktari aliweka kalamu chini, akaieleza hali ilivyo bila kunificha: watoto wa namna hii huzaliwa wakubwa na dhaifu, na wengine huacha kucheza tumboni bila kutoa taarifa. Tukiishika sukari sasa tutamwokoa. Tukizembea hawezi kunihakikishia kitu.

Nje mlangoni Nekesa alinishika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilifurahi sana kupata mtu wa nyumbani. Nikasahau kukuangalia."

"Hata mimi nilifurahi," nikamwambia. Sikuwa na hasira naye, na sina mpaka leo. Nilikuwa na hofu tu, na miguu iliyochoka.

Nilimpigia mamangu nikiwa bado kwenye teksi. Daktari alikuwa ameniambia niulize tena, kwa jina la ugonjwa hasa, kama kuna sukari kwa upande wa mama. Nikauliza. Nikamsikia akifunga mlango wa jikoni.

"Ile dawa yangu si ya presha," akasema mwishowe.

Nilikijua kikopo kile. Kilikuwa kikopo cha peremende za kifua, cha bati, kilikaa juu ya kabati la jikoni nyuma ya majani ya chai. Kila siku mama alikifungua akitupa mgongo. Ameimeza dawa ile maisha yangu yote, na sisi watoto tuliambiwa ni presha, tukaitikia ni presha.

"Ilinishika nikiwa na mimba yako," akasema. "Ikaondoka, ikarudi."

"Na hukuniambia, mama?"

"Ningesemaje? Mwali wa nyumba yenye sukari nani atamposa? Nilikuwa na wasichana watatu." Akavuta pumzi. "Wadogo zako Nadra na Shamsa bado hawajapata waume. Nakuomba mwanangu, usimwambie mkweo."

Nilikasirika. Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia. Lakini ombi la mama ni ombi la mama, nikamwambia Imran tusimwambie Bi Zulekha, na Imran, ambaye hapendi mashauri marefu, akakubali.

Basi yakaanza maisha ya mashine ya kupimia sukari. Unajidunga kidole ukiamka, unajidunga baada ya kila mlo, unaitazama ile namba kama mtoto wa shule anayengoja mtihani. Nusu chapati. Wali kiganja kimoja. Maembe yamefika madukani na wewe unapita ukitazama upande wa pili. Nilikuwa mwembamba tangu usichana, sasa mikono ikazidi kukonda na tumbo likazidi kupanda, shingo ikafanya weusi ambao hausuguliki. Imran alikula nilichokula kwa wiki chache za kwanza. Kisha nikaanza kusikia harufu ya biriani ndani ya gari. Tuligombana kwa ajili ya biriani vibaya mno, nikamwambia maneno ya miaka minane, naye akalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia, na nilikuwa nimechoka hata kumbembeleza.

Daktari alitaka nitembee kila baada ya kula. Utatembea wapi Riyadh na jua lile? Imran akapata njia. Akirudi kazini tulikwenda kwenye duka kubwa la vyakula lenye baridi, akasukuma toroli tupu ili watu wasitushangae, nami nikashika ukingo wake, tukazunguka safu za sabuni na mchele mpaka miguu ikafa. Mlinzi alituzoea. Siku moja toroli zimekwisha, alitutolea moja aliyokuwa ameificha nyuma ya nguzo.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba Bi Zulekha aliagiza tuje Jeddah kwa kholo. Ni mila yetu. Mke mwenye mimba ya kwanza anavishwa nguo mpya, anakalishwa, mtandio unatandazwa mapajani mwake na kujazwa nazi, matunda, lozi na laddu, yale madonge matamu ya unga na samli, kisha wanawake wanapita mmoja mmoja wakimlisha kitamu kwa mkono na kumwombea. Mkwe wangu alikuwa amengoja kunifanyia kholo miaka minane. Alikuwa amepika mwenyewe, samli ikinukia mpaka kwenye ngazi. Chumba kilijaa shoga zake wa Balad, wake za wafanyabiashara, wote wakinitazama kwa huruma iliyogeuka furaha.

Bi Zulekha akaja wa kwanza na laddu kubwa kama yai la bata.

"Fungua mdomo, mwanangu."

"Kipande tu, mama. Nimeshiba."

"Umeshibaje na hujala? Au mkono wangu wanuka?"

Wanawake wakacheka. Nikatazama mlangoni, Imran alikuwa chini na wanaume. Ningeweza kusema neno moja na yote yakaisha. Nikafikiria Nadra na Shamsa, nikafikiria mama na kikopo chake, nikafungua mdomo. Baada yake wakafuata wengine, na hakuna hata mmoja ambaye ningeweza kumwambia mkono wake unanuka. Nakumbuka jambo moja tu la ajabu: Bi Zulekha hakuonja hata chembe ya alichopika. Nilidhani ni heshima, kwamba siku ile ni ya mke wa mwanawe.

Nilijifungia chooni, nikajidunga. Mashine ilitoa namba ambayo sijapata kuiona tangu hapo. Nikakaa kwenye ukingo wa bafu na mikono tumboni, nikimngoja mtoto acheze. Alichelewa. Nje walikuwa wakiimba na kupiga makofi, nami nilikuwa nikimwambia mtoto, samahani, samahani mamangu, cheza kidogo tu. Alipocheza nilinawa uso, nikatoka, nikatabasamu kwa ajili ya picha.

Tuliporudi Riyadh daktari akaanza insulini. Nekesa ndiye aliyenifundisha, akinishikia ngozi ya tumbo kwa vidole viwili.

"Usiogope. Mtoto yuko mbali na hapa. Hii ni mafuta, na wewe hata mafuta yenyewe huna."

Nikajichoma asubuhi na usiku. Tumbo likajaa alama za buluu na kijani, nikawa siwezi kulala chali wala ubavu. Joto lilikuwa limefika, lile ambalo hata bomba la maji baridi hutoa maji moto. Siku za kliniki nilikaa na wale wale Wapakistani wawili wa siku ya kwanza. Wao sukari yao ilionekana mapema, wakapunguza chakula, wakatembea, wala hawakuhitaji sindano. Mmoja alikuwa akinipa kiti chake cha karibu na kiyoyozi. Hatukuwa na lugha ya pamoja, ila maneno machache ya Kikachi yanayofanana na yake. Aliniuliza kwa ishara kama mimi ni wa kwao. Kwa mara ya kwanza sikujibu kwa ukali. Nikainamisha kichwa, nikasema ndiyo, kwa mbali.

Bi Zulekha alikuja kutoka Jeddah kungoja uzazi. Nilipanga kuificha insulini, lakini siku aliyofika nililala na yeye akaenda jikoni kupanga vyakula alivyobeba. Nilipoamka nilimkuta amesimama mbele ya jokofu lililo wazi, zile kalamu za sindano ziko mkononi mwake.

"Usiziweke nyuma karibu na barafu," akasema. "Zitaharibika." Akazipanga mlangoni, kando ya mayai, akafunga jokofu na kuniuliza kama nataka supu.

Mtu mwenye nguvu zake angeshangaa amejuaje. Mimi nilisema nataka supu. Toka siku hiyo hakupika kitamu ndani ya nyumba yangu, wala hakuuliza, wala mimi sikusema.

Mtoto akaanza kupunguza kucheza kabla ya wakati wake. Daktari hakungoja. Wakanianzisha uchungu kwa dripu, ukaenda siku nzima na zaidi, na mabega ya Sakina yakakwama kidogo, dakika ambazo siwezi kuziandika. Alipotoka alikuwa mkubwa, mwekundu, kimya. Nilimwuliza kila aliyekuwa mle ndani kwa lugha zote ninazozijua: mzima? Walikuwa wakimsugua mgongo kwa taulo. Kisha akatoa sauti ndogo, kama mtu anayenung'unika kuamshwa.

Sukari yake iliporomoka saa ile ile, wakampeleka chumba cha vioo. Nilikuwa nikisukumwa kwa kiti cha magurudumu kwenda kumtazama akiwa na mirija mguuni na sindano kwenye kichwa chenye nywele nyingi. Nekesa alimaliza zamu yake, akavua koti, akaja kukaa nami kiooni. Alitoa mfukoni njugu, akanipa nusu, tukatafuna. Siku waliponiletea Sakina chumbani bila mrija hata mmoja, nilimpa yeye kumshika kabla ya Imran.

Baada ya arubaini nilipimwa tena. Sukari imeshuka lakini haijarudi mahali pake. Daktari alisema niko mpakani, na nitapimwa kila mwaka maisha yangu yote. Kwa hivyo bado tunazunguka duka lile, sasa na mtoto ndani ya toroli. Nimechoka. Watu hudhani ukishajifungua uchovu unabaki hospitalini. Ninalotaka kukuambia ni hili tu: mapema kabisa, kabla hujaulizwa, sema damu yako imetoka wapi na nani kwenu anameza nini. Kusema hivyo hakukupunguzii pasipoti yako. Na umwulize mamako kwa jina la ugonjwa wenyewe, usikubali jibu la presha.

Mama alikuja msimu wa baridi kwa umra, akapitia Jeddah, nasi tukatoka Riyadh ili amwone mjukuu. Tulimtembeza Balad, mimi, yeye na Bi Zulekha, tukisukuma kigari cha Sakina chini ya zile roshani za mbao za nyumba za kale. Hawakuwa wameonana tangu harusi yetu, na walikuwa wakiheshimiana mpaka inachosha. Tukakaa kwenye mkahawa mdogo. Bi Zulekha, kwa kumkirimu mgeni, akaagiza chai ya maziwa, sukari nyingi, na sahani ya vitamu.

Chai ikaja. Mama aliitazama. Kisha akafungua mkoba, akatoa kile kikopo cha bati, akakiweka katikati ya meza, mahali pa kuonekana na kila mtu.

"Hii sitaweza, Bi Zulekha," akasema. "Mimi nina sukari. Ninayo tangu mimba ya huyu. Siku ya posa tulikuficha, unisamehe."

Nilishikilia ukingo wa kigari. Bi Zulekha alikitazama kikopo. Halafu akauvuta mkoba wake, akachokora chini kabisa, chini ya tasbihi na leso, akatoa karatasi ya vidonge iliyokwisha nusu, akaiweka kando ya kikopo.

"Wewe wameza kabla ya kula," akauliza, "au baada?"

"Baada."

"Mimi naambiwa katikati." Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana siku ile ya posa hukugusa laddu zangu. Nami nilikaa nikiomba usitambue kwamba mimi pia sizigusi."

Mama akaanza kucheka, akafunika mdomo kwa mtandio, na Bi Zulekha akamfuata, wakacheka mpaka machozi, wazee wawili waliokuwa wakiogopana miaka yote ile kwa jambo moja. Mimi sikucheka. Nililia, kwa ajili ya laddu zile nilizokula, na kile choo, na mtoto aliyechelewa kucheza. Waliniacha nilie. Mama alinishika goti, Bi Zulekha akanipangusa uso kwa leso yake.

Kisha nikamfunika Sakina miguu, nikamwita mwenye mkahawa, nikamwomba atuletee chai nyingine tatu, zote bila sukari.